Ukilacho, Kikulacho

Daktari Hajnalka alichora mstari katikati ya karatasi.
Upande mmoja: ngano, maziwa, mayai, karanga na jamaa zake,
soya, samaki, nyanya, pilipili, seleri.
Upande wa pili, wachache kama waliofika kwenye msiba usiotangazwa:
wali. Bata mzinga. Peasi. Chumvi. Mafuta ya alizeti.
Na mboga, akasema bila kuniangalia,
mboga nyingi.

Mimi, Emőke, fundi wa viti vya tramu, Szeged,
miaka arobaini na mitatu bila kutia jani kinywani kwa hiari,
nilitoka pale kama mfiwa.
Nani amewahi kunyimwa pilipili
katika mji unaonuka pilipili hadi kwenye mapazia?

Wiki ya kwanza nilikula kama mtu anayelipa faini.
Brokoli ilinuka soksi. Boga lilinitazama.
Kwenye daftari niliandika: siku ya tano, shingo haiwashi.
Siku ya tisa, nimelala usiku kucha,
na kucha zangu hazina damu.

Siku ya kumi na tatu niliisahau koliflawa ndani ya oveni.
Mwenzangu wa kazini alipiga simu: mumewe kaondoka.
Akalia, akacheka, akalia tena,
nami sikuweza kumkatia simu kwa ajili ya mboga.
Niliporudi, kingo zilikuwa nyeusi,
mashina yamelegea, rangi ya asali.
Nikaokota kipande, nikakipeleka kwenye pipa.
Kikaishia mdomoni.
Nikala nimesimama, vidole vikiungua,
mpaka trei ikabaki na mafuta na aibu yangu.

Kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja, kama washtakiwa,
kila mmoja siku tatu kizimbani.
Maziwa: hana hatia. Ngano: aende zake.
Yai likaapa, likaachiwa.
Pilipili ilipoachiwa nililia, nikasingizia ukali wake.

Seleri ilikuja mwisho. Nani angeishuku?
Mzizi mnyenyekevu, wenye udongo mashavuni,
unaozama kila Jumapili kwenye supu ya mama
na kutoka bila kutajwa.
Zahanatini, muuguzi akanipa kipande kama punje ya dengu.
Dakika saba. Midomo ikatambaliwa na siafu.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Changu kilikuwa supuni.

Nikawa na miaka sita tena.
Supu imeota ngozi mezani,
nami nasema, Mama, inauma.
Mama Etelka, kijiko mkononi:
"Chakula hakiumi mtu. Mtu ndiye hukiuma."
Nikakaa pale mpaka taa za jirani zikawashwa.
Sikujua kutenganisha. Ulimi wangu mdogo
ulikamata kila kilichoota ardhini
kwa kosa la mmoja;
alioza samaki mmoja,
nikatupa tenga zima.

Nilimpigia mama, nikamweleza kwa mzaha, ili iwe nyepesi.
Kimya. Saa ya ukutani kwake ikasikika.
Kisha akauliza kama daktari ana uhakika.
Kisha akauliza daktari mwenyewe ana umri gani.
Kisha akasema ana maziwa jikoni, akakata.

Jumapili nilikuta supu yenye harufu pungufu,
kama kwaya iliyokosa mtu mmoja.
Hakuniomba radhi. Si mtu wa radhi.
Alinishika mkono wa koti, akanitoa uani,
akanionyesha tuta lililochimbwa asubuhi ile,
mashimo kumi na manane.
"Nimezing'oa zote," akasema, akitazama uzio.
"Sasa tupande nini hapa?"